Papai Limekula Picha: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu wahariri, mkanda wangu wa picha nyeusi na nyeupe niliulaza usiku kucha kwenye maji ya papai bichi, nikitafuta madoa ya ajabu. Baada ya kuusafisha kwa dawa ya kutoa picha nimebaki na plastiki tupu. Dawa ilikuwa mbovu?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Dawa haina kosa. Picha hukaa ndani ya utando wa jelatini, inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Utomvu wa papai una papaini, kimeng'enya kilekile kinacholainisha nyama ngumu jikoni. Kimekula utando, picha ikaenda nao. Nanasi bichi hufanya vivyo hivyo. Nanasi ukilichemsha hupoteza makali, lakini papaini ni sugu kwa moto, kwa hiyo papai liache kabisa.

Mbona chai mnayo hapo hapo! Tanini yake hukaza jelatini, kama magome ya miwati ya Njombe yanavyokaza ngozi ya ng'ombe. Tunakushauri usafishe mkanda kwanza, upite kwenye fiksa (dawa ya kuidumisha picha) na usuuzwe, ndipo uuchezee; hapo unaona kila hatua kwa macho. Chemsha vijiko vikubwa viwili vya majani ya chai katika nusu lita ya maji kwa dakika 10, chuja, acha ipoe kabisa. Kata fremu moja, itumbukize, iangalie kila baada ya dakika 10. Kumbuka: palipoingia kahawia kwenye negativu (mkanda uliosafishwa, wenye mwanga na giza vilivyogeuzwa) patatoka peupe zaidi kwenye karatasi.

Mmea mwingine wowote ujaribu kwanza kwa kipande cha mwanzo wa mkanda. Kiloweke saa moja, kisha kipapase. Kikiteleza kama mlenda na weusi ukabaki kidoleni, mmea huo unakula jelatini.

SWALI: Nasafisha mikanda ya picha kwa kahawa, soda ya kufulia na vitamini C. Desemba negativu zilitoka safi, Julai zimefifia. Vipimo sijabadili.
Msomaji, Iringa

JIBU: Ni baridi. Kwa nusu lita: soda kavu isiyo na maji gramu 27, vitamini C ya unga gramu 8, kahawa ya kuyeyuka gramu 20, dakika 15. Vipimo hivyo ni vya nyuzi 20. Maji yakiwa ya baridi zaidi kazi huzorota. Weka tangi ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, na kipimajoto kisikutoke mkononi. Yeyusha soda kwanza, kisha vitamini C (itatoa povu), kahawa mwisho. Soda ya kuokea haifai ilivyo, ni dhaifu. Na kostiki ya watengeneza sabuni usiiguse, inaunguza ngozi. Fiksa bado utainunua. Kahawa haifanyi kazi yake.