Mkopo, Ufadhili na Karatasi Zake: Majibu ya Barua Zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinazungumzia ada ya chuo kikuu. Kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi kwenye dawati la mikopo la chuo kimoja mkoani Morogoro, kwa hiyo ninayoyajibu hapa niliyaona kwa macho, yakiletwa na vijana waliobeba bahasha za kaki. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana najua iko katika nyumba nyingi.

*Shikamoo mama. Mimi ni mjane, nauza mchele sokoni Kahama. Mwanangu amefaulu kidato cha sita na walimu wanasema aombe mkopo wa serikali. Baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la tano, tukamzika kijijini kwao, cheti cha kifo hatukuchukua. Halafu cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Emanuel, lakini cha kidato cha nne ni Emmanuel. Jirani ananiambia nisihangaike, mtoto wa maskini hakosi mkopo. Ni kweli? Mama Muuza Mchele, Kahama.*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa malezi. Jirani yako ana nia njema, lakini usimsikilize. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haina mtu wa kuja Kahama kuangalia meza yako ya mchele. Inaona kilichowekwa kwenye mfumo wake wa maombi, basi. Mwanao akijaza kwamba baba amefariki na asiambatishe cheti cha kifo, kwa bodi huyo si yatima. Niliona watoto waliozika wazazi wote wawili wakipangiwa fedha kidogo kuliko mtoto wa mwalimu mkuu, na sababu haikuwa upendeleo. Mtoto wa mwalimu mkuu alikuwa na karatasi zote.

Kwa hiyo anza na cheti cha kifo, wiki hii. Nenda kwa mtendaji wa kijiji alikofia mumeo, akupe barua inayothibitisha kifo na mazishi. Kama familia ilitunza kibali cha mazishi, au alifia hospitali na karatasi ipo, beba. Peleka ofisi ya mkuu wa wilaya, ndiko msajili wa vizazi na vifo anakopatikana kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kifo cha miaka ya nyuma bado kinasajiliwa, ila kinachukua muda na maswali ni mengi zaidi. Usikate tamaa ukiambiwa urudi wiki ijayo. Rudi.

Kisha kuna hatua ambayo wengi wanaijua wakiwa wamechelewa: kuwa na cheti hakutoshi, lazima kihakikiwe na RITA. Unaingiza nakala kwenye mfumo wao, unalipia kwa namba ya malipo utakayopewa, unasubiri jibu. Ukikubaliwa unapata namba ya uhakiki, na hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye fomu ya mkopo. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo, vyote viwili vinapita huko. Dirisha la mkopo kwa kawaida liko wazi kati ya Juni na Agosti, na siku za mwisho mifumo yote miwili huelemewa.

Sasa hiyo herufi moja. Usiidharau. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayomtambulisha mwanao kila anakokwenda, kwenye udahili na kwenye mkopo, kwa hiyo jina la kidato cha nne ndilo la kulinda. Kinachorekebishwa ni cheti cha kuzaliwa, na mkiwa hapo hapo kwa msajili mnaweza kuuliza utaratibu wa masahihisho. Mpate na hati ya kiapo ya wakili inayosema Emanuel na Emmanuel ni mtu mmoja. Mkifanya hivyo sasa, hamtasumbuka tena hata siku atakapoanza kazi.

Je, kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini? Kama imo, tafuta kitambulisho cha mnufaika na mwanao aweke taarifa hizo kwenye maombi, maana ni ushahidi ambao serikali yenyewe ilishaufanyia kazi. Na kama kuna padri, shirika au mtu mwema aliyemlipia ada sekondari, muombe barua ya kuthibitisha hilo. Bodi hutazama shule aliyosoma mtoto. Ikiona shule ya kulipia bila maelezo, itadhani ada ilitoka mfukoni mwako.

Fomu ikishajazwa huchapishwa, ikaenda kusainiwa na kugongwa mhuri na serikali ya mtaa au kijiji, ikapita kwa wakili au hakimu, kisha ikaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Hapa nakuomba ukae karibu na mwanao, hata kama mambo ya kompyuta huyajui. Kijana wa steshenari ana foleni ya watu thelathini na anataka kumaliza. Ataweka namba yake ya simu badala ya ya mwanao, ili ujumbe uingie kwake haraka, kisha mtoto hatapata taarifa yoyote ya bodi. Ataskani ukurasa nusu ya mhuri ikabaki nje. Mwambie afungue kila ukurasa kwenye kioo, muone mhuri mzima, saini mbili zinazosomeka, na picha ya mwombaji isiyo na kivuli. Neno la siri la akaunti mwanao aliandike kwenye daftari lake, lisibaki kichwani mwa kijana wa steshenari. Ada ya maombi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 na hairudishwi, ndiyo maana inauma kuitupa kwa mhuri uliokatika.

*Habari za kazi mama. Nipo mwaka wa kwanza Mwanza. Nimepangiwa chakula na malazi, vitabu, na ada sehemu tu. Rafiki zangu boom, yaani fedha ya kujikimu, likitoka wiki mbili wamelimaliza. Mimi nataka kujua hiyo ada iliyobaki naipata wapi. Mwanafunzi, Mwanza.*

Salama mwanangu. Kwanza elewa ulichopewa, kwa sababu wengi huona jumla tu. Mkopo wa bodi una mafungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalum ya kozi, mafunzo kwa vitendo, na utafiti kwa kozi zinazohusika. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni, wewe huigusi. Unachosaini ni cha kujikimu na vitabu. Fungu la chakula na malazi lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku mpaka lilipopandishwa kuwa 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Ukipewa la siku 60 ni 600,000, na ndani yake mna chumba, sahani ya ubwabwa, sabuni na daladala. Ukichukua 200,000 humo ukapeleka kwenye ada, umejikata chakula cha siku ishirini. Fanya ukijua hivyo.

Kuhusu kilichobaki, njia ya kwanza ni rufaa. Baada ya awamu za upangaji, bodi hufungua muda wa kukata rufaa, na rufaa nzuri ni ile yenye karatasi mpya: cheti cha kifo ambacho hakikuwepo, taarifa ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga, barua ya mfadhili aliyeacha kukulipia. Kurudia maelezo yale yale kwa maneno ya huzuni zaidi hakusaidii. Muone waziri wa mikopo wa serikali yenu ya wanafunzi, maana mara nyingi yeye ndiye anajua tarehe kabla hazijabandikwa ukutani. Muone pia afisa mikopo wa chuo, uende asubuhi na nakala zako mkononi.

Ya pili, nenda kwa mhasibu kabla mtihani haujafika. Vyuo vingi vinakubali ada kwa awamu, lakini wanampa nafasi anayekuja mapema na barua, siyo anayekuja amezuiwa mlangoni mwa ukumbi wa mtihani. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi nayo ina taarifa za misaada midogo ambayo haitangazwi sana: wahitimu wa zamani, taasisi za dini, kampuni inayotaka kumlipia mwanafunzi mmoja. Niliwahi kuona nafasi ya namna hiyo ikikaa miezi bila mwombaji, na wenye shida walikuwa bwenini.

Na soma. Ukikwama kuendelea na mwaka unaofuata kwa kufeli, fedha ya bodi nayo inasimama.

*Assalaam alaykum dada. Binti yangu amepata mkopo, ila mimi naogopa. Kwetu deni ni jambo zito, na nasikia mkopo huu una riba. Akikosa kazi atafungwa? Baba, Tanga.*

Wa alaykum salaam kaka. Hofu yako ni ya mzazi anayejali, nami sitaifanya ndogo. Fedha hii ni deni kweli, na kijana anapaswa kuambiwa hivyo siku anayosaini. Wengi hawaambiwi, wanadhani ni zawadi ya serikali, kisha wanashtuka wakiona hati ya mshahara wa kwanza.

Zamani deni lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Watu walilipa miaka na deni likabaki palepale, na mimi nililiona hilo kuwa dhuluma kwa vijana wetu. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondolewa mwaka huo huo. Kilichobaki ni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji. Kama hiyo nayo inakutia shaka kidini, muulize sheikh wako ukiwa na mkataba mkononi, yeye ndiye mwenye elimu hiyo.

Akiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8 tu. Kwa mshahara wa msingi wa 700,000 makato ni 105,000. Ni fedha nyingi kwa mtu anayeanza maisha, na binti yako aijue leo. Kukosa kazi si kosa la jinai. Linalomletea mtu matatizo ni kujificha. Akimaliza chuo na hana ajira, awe na mawasiliano na bodi, na akipata biashara aanze kulipa kadiri ya utaratibu watakaokubaliana. Fedha anayorejesha ndiyo inayomsomesha mtoto wa mtu mwingine Kigoma au Lindi.

*Mama, nimepata daraja la kwanza kwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Nasikia kuna Samia Scholarship isiyorudishwa. Naombaje, na je niombe na mkopo? Binti wa Songea.*

Mwanangu, nimefurahi kusoma barua yako! Ufadhili huo ulianza mwaka 2022/23 kwa wanafunzi 640 waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, wakachaguliwa kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba kwenye vyuo vya hapa nchini. Ni kweli haurudishwi. Orodha inatokana na matokeo ya mtihani, hivyo hakuna wa kumwomba wala kumbembeleza: fuatilia tangazo la Wizara ya Elimu, na jina lako likitoka, fuata maelekezo ya tangazo ndani ya muda. Daraja la kwanza peke yake si ahadi, maana wanachukua wa juu kabisa. Kwa hiyo omba mkopo pia kama familia haina uwezo. Kupoteza 30,000 ni afadhali kuliko kukaa nyumbani mwaka mzima.

Kwa kuwa wewe ni msichana wa hisabati, uujue na mfuko wa ufadhili wa Benki Kuu ya Tanzania ulioanzishwa kumuenzi Mwalimu Nyerere, ambao huwatazama wasichana wanaosoma hisabati na sayansi. Na kama una ujasiri wa kwenda mbali, ufadhili wa serikali ya Uturuki hupokea maombi kila mwaka kuanzia 10 Januari hadi 20 Februari. Kuomba ni bure, na unalipiwa ada, malazi, tiketi ya ndege, posho ya mwezi na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki.

*Mimi ni Mzanzibari, nipo Pemba. Niombe bodi ipi? Msomaji, Wete.*

Zanzibar ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu yake, iliyoundwa mwaka 2011. Anzia huko, na usome masharti ya mwaka husika kabla ya kujaza chochote.

*Mama, kuna mtu WhatsApp anasema ana ndugu bodi. Nikimtumia laki moja na neno langu la siri ataniongezea asilimia ya mkopo. Wenzangu wawili wamemtumia. Nifanye nini? Kijana, Dodoma.*

Huyo ni mwizi. Malipo halali ya maombi hupitia namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, hayaendi kwenye simu ya mtu. Anachotaka kwako zaidi ya hiyo laki ni neno la siri, kwa sababu akishaingia kwenye akaunti yako anaweza kubadilisha pa kupelekea fedha. Mzuie, hifadhi ujumbe wake, peleka kwa afisa mikopo au polisi. Wale wenzako wawili waambie leo hii wabadilishe neno la siri, kisha waingie wakaangalie kama namba ya simu na ya akaunti ya benki zilizoandikwa kwenye maombi yao bado ni za kwao.