Kabla Hujalipia Boti Yenye Injini ya Dizeli ya Zamani

Ukipatana na mwenye boti siku ya kwenda kuiangalia, mwombe jambo moja kwenye simu: injini isiwashwe mpaka ufike. Ukifika na kumaliza salamu, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, wamekwisha kuipasha. Dizeli iliyozeeka husema ukweli ikiwa baridi. Ikipata moto, kompresheni dhaifu (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), nozeli za kupulizia dizeli zilizochoka na stata inayosuasua vyote hujificha. Kwa upole mwambie, "Mzee, nitarudi kesho asubuhi." Mwenye injini nzima hatakataa.

Wanaoanza huuliza kwanza masaa ya injini. Saa inayoyahesabu hung'olewa waya, au hubadilishwa nzima, na hakuna atakayekuambia. Tena dizeli ya baharini iliyotunzwa hufanya kazi maelfu ya masaa bila kudai ovahoo, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya. Huku kwetu pwani kinachoziua mapema ni maji ya chumvi, na kulala bila kuwashwa. Boti iliyovutwa ufukweni Msasani au Mtongwe na kukaa misimu miwili, hata kama masaa yake ni machache, mimi huiogopa kuliko ile inayoenda baharini kila siku. Ringi za pistoni hushika kutu, nozeli huganda, maji hukusanyika chini ya tangi la dizeli.

Kwa hiyo nakusihi utumie muda mwingi kwenye njia ya maji. Ifuate kwa macho na vidole, kuanzia valvu ya kuingizia maji ya bahari, chujio, pampu, kipozeo, mpaka eksozi. Kwanza jua una aina gani. Injini nyingine hupozwa na maji ya bahari moja kwa moja ndani ya bloku, na nyingine zina maji yao yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani, huku ya bahari yakipita kwenye kipozeo tu. Aina ya kwanza hutakiwa kufanya kazi kwenye nyuzi 60 hivi, kwa sababu maji ya bahari yakizidi hapo chumvi huanza kuganda kwenye njia. Aina ya pili hukaa kwenye nyuzi 80 na kitu. Uliza kama themostati, valvu inayotawala joto la injini, ipo. Mafundi wengi huitoa ili injini isichemshe, na hapo ugonjwa hubaki palepale, geji tu ndiyo imenyamazishwa.

Fungua kifuniko cha pampu ya maji ya bahari, skrubu zake si nyingi. Angalia impela, kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji. Kama bawa moja limekatika, uliza lilikokwenda, maana halipotei; husafiri na maji na kukwama kwenye mdomo wa kipozeo, na hapo injini huanza kuchemsha taratibu ukipiga resi. Toa na zinki kwenye kipozeo, kipande kinachowekwa ili kiliwe badala ya kipozeo. Zinki iliyolika nusu ni habari njema, imefanya kazi yake. Ukikuta imekwisha kabisa, au tundu limezibwa kwa boliti ya kawaida, ujue chumvi imekuwa ikila kipozeo chenyewe.

Kisha elbo ya eksozi, yaani kona ya bomba pale maji yanapochanganyika na moshi. Wanunuzi wengi huipita bila kuiangalia, nami sikubali kununua kabla haijafunguliwa. Legeza klempu, vuta hozi, mulika tochi ndani. Kwenye Perkins moja ya zamani niliyoitwa kuikagua, nje elbo ilikuwa imepakwa rangi ya fedha inayong'aa. Ndani masizi na kutu vilikuwa vimekutana katikati, penseli ndiyo ingepita. Injini inayopumulia tundu la namna hiyo hutema moshi mweusi, huishiwa nguvu, na kutu ikitoboa ukuta wa ndani maji hurudi kwenye silinda wakati boti imetulia. Elbo hubadilishwa kwa bei inayovumilika. Silinda iliyoingia maji ya chumvi na kulala wiki nzima ni hadithi nyingine.

Sasa oili. Vuta kijiti kabla ya kuwasha. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yamekorogeka humo. Lakini injini iliyotulia usiku kucha maji yake hushuka chini ya oili na kijiti kitatoka kisafi, kwa hiyo ukiruhusiwa nyonya kidogo kwa pampu ya mkono kutoka chini kabisa ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kipimo kikizidi alama ya juu na kikanuka dizeli, shuku kiwambo cha pampu ya kuvutia mafuta kimechanika. Na oili ya dhahabu kwenye injini kuukuu isikufurahishe: oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya muda mfupi tu, hivyo hiyo imemwagwa juzi. Uliza kwa nini.

Washa. Kwa joto letu la nyuzi 28 au 30, injini nzima hushika ndani ya sekunde chache. Fundi akitoka na kitambaa chenye petroli au kopo la kupuliza kwenye njia ya hewa, umeshajibiwa. Wakati huohuo mtu mmoja asimame nyuma kuona kama maji yanatoka eksozi. Moshi mweupe dakika za mwanzo unavumilika. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, ni dizeli isiyoungua au maji. Wa bluu ni oili. Ikishapata moto fungua kizibo cha kujazia oili: mvuke kidogo ni kawaida, lakini ikipumua kwa nguvu ya kurusha kizibo, ringi zimekwisha.

Usikubali majaribio ya kufunga boti gatini peke yake. Nendeni nje, mpige resi mpaka mwisho kwa dakika kumi au zaidi huku ukitazama geji ya joto. Injini ifike mizunguko iliyoandikwa na kiwanda. Yanmar 3GM30, iliyofungwa kwenye boti nyingi za matanga za miaka ya 1980 na 1990, hufika 3,600 kwa dakika. Ikikwama 2,900 na kutema moshi mweusi, ama propela ni kubwa mno, ama chini kumejaa chaza, ama injini imechoka, na ni lazima ujue ni lipi. Ingiza gia mbele na nyuma mara kadhaa. Oili ya gia ikinuka kuungua, giaboksi imeteleza.

Soma kibao cha injini na upeleke namba dukani kabla ya kutoa hata arubuni. Perkins 4.236, silinda nne na inchi za ujazo 236, ilifungwa pia kwenye matrekta ya Massey Ferguson, hivyo pistoni na ringi zake hazisumbui kupatikana. Vitu vya bahari, yaani manifoldi, kipozeo na pampu ya maji, havipo kwenye trekta, na ndivyo vinavyokufa kwanza. Cheti cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), au cha mamlaka ya Zanzibar au Kenya, ni lazima ukione, lakini hakikuambii ringi zina hali gani.

Ukikuta maji kwenye oili au injini inapumua sana, si lazima uondoke. Ipigie boti hesabu ya bodi tupu, uongeze gharama ya kutoa injini na kufunga nyingine, kisha mtajie mwenye mali bei hiyo mbele ya fundi wako.