Kabla fundi hajagusa ukuta: kuichunguza nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe

Kinachoziua nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja ni maji, na saruji humalizia kazi. Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, mara nyingi unene wa sentimita 50 au zaidi. Hunywa maji wakati wa masika, kisha huyatoa kiangazi, mradi uso wake unapumua. Kwa hiyo anayetaka kuihifadhi nyumba aanze kwa kuyafuata maji, karatasi na penseli mkononi.

Anza paani, siku ya mvua ikiwezekana. Tazama mabati yaliyotoboka, mfereji uliojaa majani, bomba lililokatika kabla ya kufika chini. Halafu teremka ghorofa kwa ghorofa ukichora kila doa la unyevu mahali pake. Choo kilichoongezwa ghorofani miaka ya karibuni ndicho cha kwanza kushukiwa.

Boriti zinataka subira kuliko kitu kingine chochote. Ni miti ya mikoko, na ncha zake zimezama ukutani. Ncha hiyo isiyoonekana ndiyo inayooza mwanzo. Katikati boriti inaweza kuwa ngumu kabisa, fundi akaigonga na kuridhika. Chukua bisibisi nyembamba uichome pale boriti inapoingia ukutani, chini na ubavuni. Ikizama kwa nguvu ya mkono tu, simamisha mti wa kuegemeza siku hiyohiyo, wenye ubao juu na chini. Endelea kuegemeza hadi ardhini, ghorofa chini ya ghorofa, kwa sababu mti uliosimama juu ya sakafu unauhamishia tu mzigo kwenye boriti za chini yake. Watu wasifanye kazi wala kulala chini ya dari hiyo. Jumba la Beit al Ajaib la hapohapo Mji Mkongwe, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Zipe boriti namba, kuanzia mlangoni, na utumie namba hizohizo kwenye picha na kwenye mchoro. Picha mia zisizojulikana zimepigwa chumba gani hazimsaidii mtu.

Kwenye vipimo, usidhani kona ziko sawa. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua upana, na ni vichache vyenye kona za mraba. Pima pande nne, kisha kona kwa kona mara mbili. Bila hivyo mchoro hautafunga. Ukuta mrefu laza tepu mara moja, usome kila mlango, dirisha na kidaka (shubaka la ukutani) kutoka sifuri ileile. Ukipima kipande kwa kipande, makosa madogo yanajumlishana. Mmoja anashika, mmoja anasoma kwa sauti, wa tatu anachora huku akiirudia namba. Kwa ukuta uliotoa tumbo, teremsha timazi kutoka juu na upime nafasi kati ya uzi na ukuta kila nusu mita.

Ufa uwekee alama mbili za penseli, moja kila upande, uandike umbali na tarehe, kisha urudi kupima kila mwezi mpaka masika ipite. Uliotulia unajazwa chokaa. Unaotanuka ni kazi ya mhandisi.

Upande wa karatasi, pita Nyaraka za Taifa na Kamisheni ya Wakf, maana nyumba nyingi ni za wakfu. Nyingine zilibadilika mikono baada ya Mapinduzi ya 1964, na hati ya sasa haitakueleza waliotangulia. Hapo waulize wazee wa mtaa: mlango gani ulizibwa, kisima kimefukiwa wapi. Kisima kilichofukiwa kinaweza kueleza unyevu ambao paa haliuelezi. Kibali cha kazi kiombwe mapema kwa mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe.

Sasa lipu. Saruji hufunga uso wa ukuta, maji yakapanda hadi kwenye ncha za boriti, na chumvi ikajikusanya nyuma yake. Chumvi ikikauka huwa fuwele zinazolisaga jiwe kuwa unga huku lipu ikionekana nzima. Gonga kwa kidole; ikilia tupu, ukuta umeshaliwa.

Tumia chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga mkali, wenye chembe za kukwaruza, uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kamwe si mchanga wa pwani. Lowesha ukuta, piga tabaka la sentimita 1, ngoja lishike ndipo uongeze la pili. Funika kwa magunia yenye maji angalau wiki nzima: chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu, na ikikaushwa na jua hubaki unga. Fundi atataka kutia saruji kidogo ili kazi iende mbio. Mkatalie.

Ukuta uliobanduliwa saruji uache wazi kiangazi chote kabla ya lipu mpya. Chumvi itakayotoka ipigwe brashi kavu na izolewe itupwe nje. Ukiiosha, maji yanairudisha ndani.