Masta ya sanaa: kwanza ujue nani atakulipa

Dada, umeuliza kama uache kazi ya kufundisha sanaa sekondari ukafanye masta ya uchoraji Makerere. Hiyo njia nimeipita, pale pale Margaret Trowell, shule ya sanaa ya Makerere, kwa hiyo ngoja nikuambie nilivyoiona.

Masta inalipa sehemu moja tu, chuoni. Bila hiyo, barua yako ya kuomba kazi chuo hata haisomwi, na ukiwa nayo wanakuchukua msaidizi wa mhadhiri halafu wanaanza kukuuliza PhD imefika wapi. Marekani MFA, yaani masta ya sanaa, ndo mwisho wa masomo kwa msanii, mtu anafika nayo hadi uprofesa, huku kwetu ni katikati ya safari, so ukiianza jua umeanza mbili.

Shuleni usitegemee kitu. Juni 2022 si walimu wa arts waligoma baada ya wenzetu wa sayansi wenye digrii kutangaziwa nyongeza hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi? Mshahara ulifuata somo, na masta haitageuza uchoraji uwe fizikia bana.

Galeri ndo kabisaa. Nilipeleka kazi za lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, mwenye galeri akaigeuza moja nyuma, akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza nimepaka dawa gani wadudu wasile, saizi, bei, basi. Cheti kilikuwa kwenye bahasha na hakuna aliyekiulizia. Ila niseme ukweli, hiyo lubugo niliijua kwa sababu ya masta, msimamizi wangu ndo alinisukuma niende Mpigi nikakae na wazee wanaoligonga gome la mti wa mutuba lenyewe, na kila nikirudi ananibana nieleze kwa nini nimelikata hivi na si vile. Peke yangu nisingejibana hivyo.

Hapo katikati wenzangu walioishia digrii ya kwanza walikuwa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, wanadizaini mabango na kadi za harusi, na wengine sasa wana mashine zao. Sijui kama wanachora tena, lakini kodi ya nyumba haiwasumbui.

Kwa hiyo kazi usiiache. Muombe hedi likizo ya masomo, kwa maandishi, kabla hujalipia fomu, na kama ada ni ya mkopo mimi ningesubiri. Kama shida yako ni muda na watu wa kukukosoa, ulizia kwanza 32° East, kituo cha sanaa hapo Kampala, wana studio na programu za wasanii.

Na unachora nini kwani? Hukusema.