Anzisha grupu la kusoma, ila usianze na vitabu vya wizi kama nilivyoanza mimi

Juzi dada mmoja yuko Mbeya kanitumia meseji, anasema kafungua grupu la kusoma vitabu WhatsApp, watu wakaingia wengi mpaka akashangaa, sasa hivi mwezi wa pili kila akiuliza "jamani tumefikia wapi" kimya, anayemjibu ni mdogo wake tu. Anataka kujua langu limedumuje. Mdogo wangu, nilitaka nikujibu kwa mistari miwili lakini naona bora nisimulie yote, kwa sababu hili unalolisikia limedumu ni la pili. La kwanza lilikufa vibaya na mpaka leo nikilikumbuka naumia.

Mimi nina steshenari Dodoma, natoa kopi, naprinti, naskani. Grupu la kwanza nililijaza kwa PDF. Nilikuwa nachukua riwaya ya Kiswahili, nakata gundi ya mgongoni kwa kisu cha karatasi, usiku nikishafunga duka napitisha ukurasa mmoja mmoja kwenye mashine, asubuhi natupia grupuni. Watu wanamiminika, "ubarikiwe sana admini", miezi mitatu tu tukawa 190 na kitu. Na niliamini kabisa naeneza elimu, nilikuwa nasema vitabu ghali, maduka ya vitabu yenyewe ya kutafuta kwa tochi, sasa mtoto wa maskini asome nini. Kusoma kwenyewe hakuna aliyekuwa anasoma, kiukweli. Tulikuwa tunakusanya.

Siku moja akanipigia mwandishi wa kimojawapo, mzee wa makamo, simtaji. Nikajua natukanwa. Hakutukana. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekikata kitabu changu?" Alijua kimekatwa kwa sababu kwenye skani ukingo wa kila ukurasa ulikuwa umeenda upande, mkono wangu haukunyooka. Akaniambia kile kitabu kimemla miaka minne, kakichapisha kwa pesa zake, na maboksi mengine bado yako uvunguni kwake. Hakudai hata shilingi, akaomba tu nikiondoe. Nilikuwa nimesimama na rimu ya karatasi mkononi, mteja ananiita "dada, dada" wala simsikii.

Usiku ule nikafuta kila nilichoweza kufuta, nikaomba radhi, nikaandika kwamba kuanzia kesho tunasoma vya bure vya halali peke yake. Kulipokucha watu zaidi ya mia wamelefti. Mmoja ambaye nilishamskania notsi za chuo nzima bila kumchaji akaniandikia "umeshajifanya mtakatifu", akafungua grupu lake akaweka PDF zangu zilezile, na lipo mpaka leo. Hilo la kuitwa mtakatifu nimeshasamehe, la zile PDF bado, kwa sababu yule mzee hajui kama si mimi tena.

Sasa watu wakisikia "bure halali" wanadhani hakuna kitu, au ni Kiingereza kitupu. Si kweli jamani! Ingieni Internet Archive mtafute mkusanyo wa hadithi za Unguja wa Edward Steere, yule askofu aliyejenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Kautoa London mwaka 1870, ukurasa mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza, na ndani mna kisa cha punda wa dobi, kima na papa, hadithi ambazo wengi wetu tumezisikia kwa bibi zetu bila kujua zimeandikwa zamani hivyo. Huyo alishakufa tangu karne ile, haki yake imekwisha muda, unadaunlodi, unasoma, unagawa, hakuna mtu atakupigia simu. Wenye watoto waende African Storybook, hadithi fupi za picha, zipo za Kiswahili, na wenyewe wameruhusu kuzigawa na hata kuzitafsiri. Ila muwe macho, kitu kuwepo mtandaoni si kwamba ni cha bure. Hata hapo Internet Archive kuna vitabu vya kuazima tu. Angalia kimetoka lini, mwenyewe alikufa lini.

Sisi tulianza upya tukiwa kumi na nne, tukachagua Utendi wa Mwana Kupona. Huyu ni mama wa kule visiwa vya Lamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, mwaka 1858 anaumwa, anamwita binti yake anamwachia wosia kwa mashairi. Beti 102. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917. Nikasema hatutumi PDF tena, nikawa nachapa mwenyewe kila jioni beti tatu, natuma kama meseji ya kawaida, haili bando, na mwenye kisimu kidogo anasoma bila kukuza herufi. Beti tatu tu, siku tano za wiki, saa tatu usiku. Mmoja anazisoma kwa sauti, wengine wanachangia.

Siku ya kwanza tu tukakwama. Ubeti wa tatu unaanza "Ndoo mbee ujilisi", na kijana mmoja wa Singida akauliza kwa nia njema kabisa hiyo ndoo ni ya maji ya udhu au? Wote kimya, hata mimi admini sijui. Mwenzetu mmoja nesi yuko Mombasa akasema ngojeni, akampigia bibi yake Lamu. Baada ya nusu saa ikaingia sauti, unasikia jogoo, unasikia mtu anafagia, halafu bibi, "Ndoo ni njoo, wajukuu zangu. Njoo mbele ukae. Mama amwita mwanawe." Kisha akaendelea mwenyewe, beti kama kumi bila karatasi, kwa sauti ya kuimba. Niliisikiliza dukani nimefunga mlango nusu, nikairudia tena na tena. Kuanzia usiku ule hakuna aliyekosa saa tatu.

Usiku uliowaka moto ni wa radhi tano. Pale Mwana Kupona anamwambia binti kwamba anahitaji radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Weee! Meseji za sauti zaidi ya sitini mpaka saa sita usiku, wadada wanasema mume ameingiaje kwenye orodha hiyo, kaka mmoja kaja na ushahidi wake akapigwa chini, mama mmoja mtu mzima akasema mnamhukumu mtu anayekufa anayeogopa mwanawe atabaki na nani. Niliombwa nifunge mjadala nikakataa. Na wewe wa Mbeya usifunge mjadala, watu hawaingii grupuni kuja kukubaliana, wakigombania kitabu maana yake wamekisoma!

Kwa hiyo mdogo wangu, punguza. Punguza watu, usione aibu ya kubaki na kumi. Punguza kinachosomwa, sura nzima kwa wiki ni mzigo kwa mtu anayerudi nyumbani saa mbili na daladala. Weka saa isiyobadilika. Chapa, usitume mafaili. Na hizo PDF za waandishi walio hai ulizonazo grupuni, najua unazo, zifute leo, usisubiri upigiwe simu kama mimi, kwa sababu ukiipokea simu ile hutaisahau. Mtu anayekuja kwa sababu ya faili ataondoka na faili, huyo usimlilie hata kidogo. Mwandishi aliye hai mnunulie, hata kumi mkichangia nakala moja mkawa mnapokezana, sisi tumeshafanya hivyo kwa yule mzee, tumechukua nakala sita na pesa nimempelekea mkononi.

Jumapili tumemaliza ubeti wa 102, wiki ya saba hiyo, na wote kumi na wanne tulikuwepo. Jumatatu saa tatu tunaanza kima na papa cha Steere. Bibi wa Lamu kasema hicho anakijua, ila alivyokipokea kwa mama yake hakikwenda hivyo, kwa hiyo tumemwomba atangulie yeye kusimulia, ndipo tufungue kitabu.