Kumtafuta Freddie Mercury Mji Mkongwe

Ndugu yangu, nimekuelewa: una siku moja tu Unguja, unataka kuona alikokulia Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, na unaogopa kutapeliwa na waongozaji wa mitaani.

Hofu yako ni ya haki. Mimi nilimfuata papasi mmoja, yaani mwongozaji wa mitaani asiye rasmi, aliyenidaka pale bustani ya Forodhani. Alinisimamisha mbele ya mlango wa mbao, akaapa kwamba Freddie alizaliwa humo ndani, kisha akadai pesa mara mbili ya tulizopatana. Kumbe Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa hospitali ya serikali mwaka 1946, na nyumba zinazodaiwa kuwa za familia yake ni zaidi ya moja.

Kwa hiyo mwombe mwongozaji kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii kabla hamjapiga hatua. Patana bei ya ziara nzima, kwa shilingi, na ulipe mwishoni. Halafu muulize: familia iliondoka lini? Akisema 1964, baada ya Mapinduzi, huyo anajua kazi yake.

Anzeni na makumbusho yake, Shangani, Barabara ya Kenyatta, yaliyofunguliwa 2019. Usiyapitie mbiombio, picha za utotoni zinataka utulivu. Baada ya hapo mwambie akueleze habari za Waparsi wa Zanzibar, Wahindi wenye asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroasta, maana familia yake ilikuwa ya Kiparsi na bila wao humwelewi Freddie.

Vaa nguo za kufunika mabega na magoti. Mwongozaji akikutisha au kukung'ang'ania, usibishane naye uchochoroni: ingia dukani au hotelini penye watu, uombe wakuitie polisi.