Unasali Wapi? Majibu kwa Wanaotembelea Makanisa

Barua nyingi za hivi karibuni zinahusu jambo moja: kwenda Jumapili kusali kwa wengine. Mmoja amealikwa, mwingine amehama mtaa, mwingine anatafuta tu. Nimechagua chache. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo wa mikoani mnivumilie mifano ikielemea huku.

Shikamoo mama. Mimi ni Mkatoliki wa Tabata. Kwaya ya rafiki yangu Mlutheri wa KKKT inazindua albamu Jumapili ijayo na nimeahidi kwenda. Nikienda huko nitakuwa nimetimiza Jumapili yangu? Na wakiita Meza ya Bwana nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Nenda, tena uende na hela ya kununua albamu, maana uzinduzi ndiyo kazi yake. Ila kwa sheria ya Kanisa lako, Jumapili yako hutimizwa na Misa, na ibada ya Kilutheri haishiki nafasi hiyo hata ingekuwa nzuri namna gani. Bahati nzuri saa zinaruhusu. Nenda Misa ya kwanza alfajiri, unywe chai, kisha uwahi ibada ya pili kwa wenzako. Wanaokaa katikati ya jiji wana raha zaidi: kutoka Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki hadi Azania Front la Walutheri ni dakika chache kwa miguu. Makanisa yote mawili ni ya enzi za Wajerumani, la kwanza la Wabenediktini na lingine la wamisionari wa Kilutheri, na yamekuwa yakitazama bandari ileile kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kuhusu Meza ya Bwana, kaa kwenye benchi. Kanuni ya 844 ya sheria ya Kanisa inamtaka Mkatoliki apokee sakramenti kwa mhudumu Mkatoliki, na nafasi finyu inayoachwa haigusi mwaliko wa kwaya. Usione aibu. Kwenye Misa yenyewe nusu ya benchi huwa imekaa wakati wa komunyo, kwa kuwa ndoa zao hazijabarikiwa, na hakuna anayegeuza shingo. Rafiki yako naye akija kwako atafanya hivyohivyo: atasimama mnaposimama, mkipiga magoti ya mageuzo atapiga au atakaa kwa utulivu, mkono wa amani atatoa, na hataingia kwenye mstari wa komunyo.

Najua wengine mtasema, mama, hawa si walishapatana? Walipatana kwa sehemu. Mwaka 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, lile suala lililowagawa tangu siku za Luther. Meza bado ni mbili. Wanaojifanya ni moja kwa sababu wamependa kwaya wanawapa tabu wachungaji wa pande zote.

Mama, kuna kanisa ambalo mgeni hatakutana kabisa na hilo swali la nani ashiriki na nani asishiriki? — Msomaji, Morogoro

Yapo. Jeshi la Wokovu hawana Meza ya Bwana wala ubatizo wa maji. Utakuta sare, bendera na bendi ya matarumbeta. Marafiki nao, ambao wengi mnawaita Wakweka, hawana. Wako wengi sana magharibi mwa Kenya, tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902. Ukisoma habari zao za Uingereza utadhani utakuta watu wamekaa kimya saa nzima. Kaimosi wanaimba na wanahubiri kama majirani zao.

Naogopa ile ya "wageni wote wasimame." Pia sijui nitoe sadaka kiasi gani wala hizo bahasha zinatumikaje. — Kaka wa Mbezi

Kusimamishwa hakuepukiki, labda uende Katoliki, ambako unaweza kuingia na kutoka mwaka mzima bila mtu kukuuliza jina. Kwa Walutheri, Wamoraviani na Waanglikana maneno matatu yanatosha: jina lako, unakotoka, na salamu. Sema "Bwana Yesu asifiwe," watakuitikia, ukae. Wapo wageni wanaogeuza nafasi hiyo kuwa ushuhuda wa dakika kumi huku mchungaji akitazama saa. Usiwe mmoja wao.

Kwa walokole utaimbiwa wimbo wa kukaribishwa, na baada ya ibada utapelekwa chumba cha pembeni, upewe soda na karatasi ya kuandika namba ya simu. Ukiandika namba ya kweli utapigiwa kabla wiki haijaisha. Hilo si baya. Mtu mpweke mjini hupona kwa simu kama hiyo. Kama hutaki, andika jina tu na ushukuru. Na mhubiri akiita wanaotaka kuokoka wasogee mbele, hakuna sheria inayokulazimisha eti kwa sababu wewe ni sura mpya.

Bahasha ni za wenyeji. Zina namba na zinaingizwa kwenye daftari la ahadi. Wewe toa fedha taslimu kwenye kapu, kiasi unachotoa kwenu. Jipange kidogo kwa sababu kapu huzunguka zaidi ya mara moja: sadaka ya kawaida, kisha ujenzi, kisha pengine gari la mchungaji. Ukipitisha kapu la pili bila kutia kitu hujatenda dhambi.

Jihadhari na mnada. Kwenye sharika za KKKT, vitu vya walioleta mazao badala ya fedha hunadiwa nje baada ya ibada, na papai la elfu mbili linaweza kufika elfu ishirini kwa mashindano ya wazee wawili. Ukijikuna kichwa wakati huo, dalali atakuhesabu, na utapanda daladala na jogoo.

Binti yangu yuko chuo Dodoma. Sisi ni wa AIC (Africa Inland Church) tangu babu yake. Sasa kila Jumapili yuko kwenye huduma mpya, leo mtume huyu, kesho nabii yule. Nimegundua sehemu ya hela ya hosteli imeishia kwenye "mbegu", yaani sadaka ya kupanda ili uvune baraka, na mafuta ya upako. Nimkataze? — Mzazi, Mwanza

Pole mzazi mwenzangu. Ukimkataza kwa simu atakwambia ameacha, na utakuwa umepoteza mtu pekee aliyekuwa akikupa habari. Muulize kwanza anapata nini kule. Mara nyingi majibu ni ya kawaida kabisa: wanamwita kwa jina, wanamwombea mtihani, wanampa kazi ya kufanya. Hayo angeyapata hata kwenye vikundi vya wanafunzi pale chuoni, kama USCF au CASFETA, vinavyosimamiwa na wanafunzi wenzake na ambako hakuna anayeuza mafuta.

Tusiwatie wote kapu moja. Kuna makanisa ya Kipentekoste ya siku nyingi: TAG wapo nchi hii tangu mwaka 1939, EAGT iliyoanzishwa na marehemu Moses Kulola inatimiza miongo kadhaa, na kuna wachungaji wa makanisa ya mabati na mabenchi ya mbao wanaoishi maisha ya kawaida kuliko waumini wao. Ninachokipima mimi si kelele wala mtindo wa kuomba. Napima kama yule mtu wa mbele ana wa kumkalisha chini. Mchungaji wa AIC ana askofu juu yake na baraza la wazee pembeni. Nabii wa turubai ana nani? Nani anaona hesabu za hizo mbegu? Nchini kwetu taasisi ya dini inapaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Binti yako ana haki ya kuuliza, na jibu atakalopewa, au hasira atakayoonyeshwa, litamfundisha.

Kuna mambo mawili ambayo sina upole nayo. La kwanza ni dawa. Huduma yoyote inayomwambia mtu mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV kwamba ameshapona aache vidonge, atoke siku hiyohiyo, hata kama wimbo haujaisha. La pili ni umati unaoambiwa ukimbilie kitu. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo pale Moshi, watu 20 walifariki kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wa kawaida, wengine wamekuja na watoto. Na kule Shakahola, Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Simwelezi binti yako kwamba nabii wake ndiye huyo. Mweleze kwamba wale nao walianza kwa kutembelea tu.

Hela ya hosteli lipa moja kwa moja kwa mwenye hosteli. Hilo wala halihitaji mjadala wa kiroho.

Mimi ni Mlutheri, naweza kwenda kwa Wasabato Jumamosi na bado niende kwetu Jumapili? — Msomaji, Same

Unaweza, na uko mahali pake, maana Usabato nchini ulianzia hukohuko Upare, Giti, mwaka 1903. Fika mapema uwahi Shule ya Sabato, ambako watu wanajadili somo kwa vikundi na mgeni anaruhusiwa kuuliza. Hereni na mkufu acha nyumbani. Ukiangukia siku ya Meza ya Bwana, kwa kawaida mara moja kwa robo mwaka, wataanza kwa kutawadhana miguu, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, kwa hiyo soksi ziwe nzima.

Mke wangu ni Mmoraviani wa Tukuyu, mimi Mkatoliki. Tumekuwa tukizungusha: Jumapili hii kwake, ijayo kwangu. Sasa mtoto ana miaka minane na watu wanauliza. — Baba, Mbeya

Kuzungusha kunawafaa watu wazima wawili. Mtoto wa miaka minane yuko mlangoni pa mafundisho ya komunyo ya kwanza, na mafundisho hayataki mtu wa Jumapili moja moja. Katekista ana daftari la mahudhurio. Upande wa mama nako kuna darasa la kipaimara linamsubiri baadaye. Hawezi kuhitimu yote mawili kwa nusu nusu.

Kama mlifunga ndoa mseto kanisani, ulitoa ahadi mbele ya padre kwamba utafanya yote yaliyo ndani ya uwezo wako ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Ukatoliki, na mkeo alijulishwa. Kumbukeni mlichosema siku ile kabla ya kuwasikiliza mashangazi. Kama mtoto alibatizwa Moraviani, ubatizo huo Wakatoliki wanautambua. Hamwagiwi maji mara ya pili. Kaeni wawili, mwamue mtoto asomee wapi, kisha mwende wote watatu kumpeleka. Ile Jumapili ya upande wa pili iendelee kama kutembelea bibi. Jambo moja ninaloomba: msimwambie mtoto achague mwenyewe. Mnamtwika ugomvi wenu.

Nafanya kazi za ndani Muscat. Nyumbani nilikuwa Mwanglikana wa Muheza. Huku nasikia ibada ni Ijumaa. Inaruhusiwa kweli? — Dada, Oman

Inaruhusiwa, katika maeneo yaliyotengwa. Muscat yapo Ruwi na Ghala, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos, na hapo Wakatoliki, Waprotestanti na Waorthodoksi wanatumia viwanja vya jirani. Kwa kuwa mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, ibada yenye watu wengi ni ya Ijumaa, na haikupunguzii chochote. Mwanglikana atajiona nyumbani kwa Waprotestanti wa Ruwi; utakaa na Wahindi, Wafilipino na Waafrika wa kila namna, na hapohapo utapata Waswahili wenzako. Kinachokatazwa ni kukusanyana kusali kwenye nyumba za watu bila kibali, kwa hiyo ukialikwa kwenye "fellowship" ya chumbani, shukuru ukatae. Siku ya kutoka ongea na mama mwenye nyumba mapema, si asubuhi yenyewe.

Nilihamia Kimara nikitokea Moshi. Tangu hapo nazunguka tu, Jumapili hii hapa, ile kule, na kwa kweli nafurahia mahubiri. Mama yangu kila akipiga simu anasema, "Utazikwa na nani?" Nimjibuje? — Msomaji, Kimara

Mama hakutishi, anakupa utaratibu. Ukifiwa leo, wa kwanza kuja na sufuria na turubai ni jumuiya ya mtaani, yaani kikundi cha waumini majirani, na mchungaji kabla ya kupanga ibada ya mazishi humuuliza mwenyekiti wa jumuiya: huyu mnamfahamu? Kwa Wakatoliki ni vilevile, wataangalia jumuiya ndogondogo, huku michango ikihesabiwa kwa kadi. Wapo wanaolalamika kwamba hii ni kumtoza marehemu, na kuna parokia na sharika zinazotumia fimbo hiyo vibaya kwa wajane. Mimi nakubaliana na walalamikaji kuhusu fedha. Kuhusu kufahamiana, hapana. Mchungaji hawezi kusimama kaburini akamsifia mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyewahi kunywa naye chai.

Endelea kuzunguka kama mahubiri yanakulisha, hakuna anayekukataza kusikia neno Mwenge au Kijitonyama. Lakini jiandikishe Kimara. Kama wewe ni wa KKKT, usharika wako wa Moshi utakupa barua ya kuhama, uipeleke kwa mchungaji wa karibu na unapolala, naye atakuelekeza jumuiya yenu inakutana nyumba gani na saa ngapi. Nyingi hukutana asubuhi na mapema Jumamosi au jioni katikati ya wiki. Mama yako aliye hukohuko Moshi anaweza kukufuatilia barua. Apige simu ofisini kwanza, na asiende Jumatatu, wachungaji wengi hupumzika siku hiyo.